Jina Lililozikwa Kabla ya Mume Wangu

Okwach Ogweno hakulaaniwa na mama yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi hapa Kitangiri, sokoni Kirumba na hata, nasikitika kusema, nje ya kanisa letu baada ya misa. Wanasema mama yake alifunga safari kutoka Kenya, akamkalisha mwanawe barazani mchana kweupe, akamnyoa kichwa kwa wembe huku analia, akamtamkia laana, na ndiyo maana miaka miwili na nusu baadaye mwanamume mwenye afya zake akaanguka akafa. Wanasema pia kwamba alitunga kifo chake mwenyewe ili amkimbie mke wa kwanza. Hakukuwa na mke wa kwanza. Mke alikuwa mmoja, naye ni mimi, Renatha binti Kamugisha wa Kamachumu, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka ishirini na miwili. Cheti cha ndoa kipo parokiani kwa anayetaka kukiona.

Kunyoa kulikuwapo. Machozi yalikuwapo. Laana haikuwapo. Wanangu wawili wanasoma shule za hapa Mwanza na wameanza kuulizwa na wenzao kama baba yao alikuwa mzimu, kwa hiyo nimeona niandike mara moja, kwa mpangilio, watu wasome.

Okwach alizaliwa upande wa Kenya, kwenye kijiji cha Wajaluo ambako ukisimama juu ya mwamba siku isiyo na ukungu unaiona Tanzania. Baba yake alifariki mapema. Mama yake, Anyango, alikausha samaki kwa moshi, na kwa moshi huo akasomesha watoto wawili wa kiume. Okwach ndiye mkubwa. Alimaliza kidato cha sita, akapata kazi ya uandishi kwenye gazeti dogo la Kisumu, na siku za mapumziko akawa anatunga mashairi.

Mwaka 1986 wanafunzi wa shule ya kijijini kwao walimwomba shairi la siku ya wazazi. Akawaandikia beti nne kuhusu mabati. Mabati hayo wazazi waliyachangia kwa ajili ya darasa, na darasa likabaki wazi, lakini yalionekana baadaye yakimeta juu ya nyumba mpya ya chifu. Watoto walilikariri vizuri mno. Chifu alikuwa mgeni rasmi, ameketi mstari wa mbele.

Kule kwao haukuwa mwaka wa mashairi ya namna hiyo. Watu wa kalamu walikuwa wakichukuliwa. Siku ya tatu Okwach aliambiwa jina lake limeshafika mjini, na alfajiri iliyofuata akashuka ufukweni na vitu viwili, mfuko wa nguo wenye jina lake na taipureta ya chuma aliyoinunua kwa mtu wa misheni.

Ilikuwa mitumbwi miwili inavuka pamoja. Aliingia mtumbwi wa kwanza, na watu wa ufukweni walimwona akiingia. Wakiwa katikati ya maji mwenye mtumbwi akaanza kulalamika.

"Wewe msomi, hicho kichuma chako kinaunywesha mtumbwi wangu maji! Kinazamisha upande."

"Ni mashine ya kuandikia, ndugu yangu."

"Kwani huwezi kuandika kwa mkono kama watu? Hamia kwa mwenzangu wa dagaa, yeye kabeba vitu vyepesi."

Wakamhamisha hapo hapo majini, yeye na taipureta yake, wakasahau mfuko wa nguo. Kabla jua halijapanda vizuri upepo uliwatenganisha. Mtumbwi wa dagaa ulifika pwani ya Mara, na kutoka hapo Okwach akaja Mwanza kama mkimbizi. Ule wa kwanza haukufika. Mfuko wa nguo ulisukumwa na mawimbi hadi kijijini kwao.

Nimeishi na taipureta hiyo miaka kumi na moja. Bado ipo mezani, nzito kama jiwe la kusagia. Kila nikiifuta vumbi nafikiri kwamba uzito ule ndio ulionipa mume na watoto.

Sasa nieleze desturi, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Wajaluo, mtu wao akipotea ziwani na mwili usionekane, hawamwachi hivi hivi bila kaburi. Huchukua tunda la mvungunya, lile refu na zito linaloning'inia kwa kamba yake mtini, wao huliita yago, wakalilaza kaburini mahali pa mtu. Hulililia kama mtu, na kaburi hupewa jina la mtu. Likishafukiwa, yule mtu amekufa, na mambo yote ya nyumbani huendelea kwa hesabu hiyo.

Mama Anyango alisubiri miezi miwili. Askari walikuwa wakija kila wiki kumuuliza mwanawe yuko wapi, hawakuamini habari ya mtumbwi. Mdogo wake Okwach walimchukua siku kumi na moja. Mwishowe wazee wa ukoo wakasema inatosha. Wakachuma yago, wakazika. Askari walikuja kwenye matanga, wakaliona kaburi, wakaondoka na hawakurudi tena.

Habari hizo zililetwa Mwanza na Otuoma, binamu yake, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akivuka mpaka mara kwa mara. Alimkuta Okwach mwaloni Kirumba, wanakoshusha samaki, akinunua sato, akaangusha kikapu chake.

"Okwach? Usinisogelee. Niambie kwanza jina la mbwa wetu."

"Tulikuwa na mbwa wawili, mpumbavu wewe. Unamuuliza yupi?"

Otuoma akakaa chini kwenye matope akaanza kucheka na kulia. Halafu akamwambia, "Kaka, mama amekuzika." Akaeleza yote: tunda, askari, mdogo wake aliyerudi nyumbani akiwa mzima kwa kuwa tu kaka mtu ameshakuwa marehemu.

Okwach aliinua kile kikapu, kisha akasema, "Basi niache nilivyo." Akamwapisha Otuoma asiseme.

Hayo nimeyasikia kwa Okwach na kwa Otuoma, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakupishana. Hakutunga kifo chake. Alikikuta tayari, akakiacha kiwalinde watu wake. Serikali yetu haikudanganywa pia. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa na jina lake halisi, na kitabu cha ndoa vilevile.

Mimi nilimfahamu mwaka 1988. Alikuja shuleni kwetu akiwa amevaa koti lililomzidi, ameshika karatasi.

"Shikamoo mwalimu," alisema, ingawa tulilingana umri. "Nimeambiwa wewe unaweza kunipimia mashairi."

Nikapima. "Huu mstari una mizani kumi na saba. Umezidi kwa moja."

"Mwache tu, amekuja na wenzake."

"Kiswahili chenu cha Kenya hakina adabu."

"Na nyie Wahaya je? Nasikia hata kuku mnamfukuza kwa Kiingereza."

Walimu wenzangu waliangua kicheko, nami nikamrudishia karatasi yake bila kucheka. Lakini mashairi yale niliyabeba kichwani hadi nyumbani. Nilikuwa nimefundisha ushairi miaka kumi na moja na sikuwa nimewahi kukutana na mtu aliyeweza kuitazama ndoo ya maji ya mama wa jirani na kuifanya uione kama vile huna ndoo kwenu. Akarudi wiki iliyofuata na nyingine. Siku aliponiomba niolewe naye alisema, "Kabla hujajibu, ujue unaolewa na maiti." Akanisimulia yago. Nilifikiri siku nane, nikakubali.

Miaka ya mwanzo alisahihisha prufu, nakala za majaribio, kwenye duka la uchapaji. Kisha mambo yakafunguka. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa, magazeti ya watu binafsi yakaanza kuchipuka, na mwaka 1993 Antoni Ngosha, karani aliyepunguzwa kazi kwenye shirika la umma, akaanzisha gazeti la Ijumaa lenye kurasa nane, Sauti ya Ghuba. Akamchukua Okwach. Habari aliandika bila jina, na kwenye ukurasa wa tano alikuwa na shairi kila wiki lililotiwa saini "Abiria". Mji mzima ulimjua Abiria na hakuna, hata Antoni mwenyewe, aliyemjua kwa jina la Okwach. Aliandika juu ya viwanda vya samaki vilivyojaa ufukweni, jinsi minofu ya sangara inavyopanda ndege nasi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa. Alimwandika mzee aliyestaafu anayeuza mitumba mbele ya ofisi aliyoiongoza. Nimeona mashairi yake yamebandikwa kwenye saluni, kwenye bucha, na moja ndani ya kivuko, ubavuni mwa maboya.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na Antoni alimlaumu sana kwayo. Hakuandika kwamba mtu amekufa mpaka aambiwe na watu wawili wasiolala nyumba moja. Hata kama taarifa imetoka kwa mkubwa gani. "Gazeti zima linamsubiri Abiria amalize kuhakikisha kama marehemu ni marehemu," Antoni alikuwa akilalamika. Mimi nilijua sababu.

Ndipo ikaja Mei ya 1996. Hakuna haja ya kueleza sana. Meli iliyokuwa ikitoka Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Sisi watu wa Kagera hatuna nyumba ambayo haikuguswa. Binamu yangu Odeta alikuwamo.

Wengi hawakuonekana. Na kwa kuwa wengi waliingia melini bila majina yao kuandikwa, hakuna aliyeweza kusema nani hasa amepotea. Okwach alinunua kaunta-buku yenye jalada gumu, akaenda kukaa juu ya jiwe karibu na bandari, akaanza kuandika majina ya wale ambao miili yao haikuonekana. Siku ya kwanza walikuja watu wachache. Siku ya nne walikuwa wamepanga foleni. Walikuja akina mama kutoka Muleba na Nansio, wazee wenye picha za pasipoti mikononi. Aliandika jina, jina la baba, kijiji, nguo alizovaa, alikuwa amebeba nini. Hakumharakisha mtu yeyote. Nilimpelekea uji asubuhi, nikirudi saa tisa naukuta umeganda.

Nilikuwa mke wake na bado nilimwogopa siku zile, namna unavyoogopa ukiingia kanisa kubwa likiwa tupu. Wiki tano alikaa pale. Alikuwa mtu mmoja, mgeni asiye na nchi, amebeba kwenye goti lake watu wote ambao ziwa lilikuwa limewachukua.

Nami hakunipendelea. Nilimwambia, "Mwandike Odeta."

"Bado."

"Bado nini, Baba Angela? Mimi mkeo nakwambia alikuwamo! Nilikuwa namsubiri!"

"Wewe ni mmoja, Renatha."

Nililia kwa hasira, sikumpikia siku mbili. Siku ya tatu alikuja msichana aliyeokolewa, akasema aliketi jirani na dada mmoja mnene aliyebeba senene wa kukaanga kwenye chupa ya chai, akimpelekea binamu yake mwalimu. Okwach akanitazama. Kisha akaandika Odeta kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliomwona akiandika, akaniachia nafasi nikae naye pale jiweni.

Ubeti huu ndio aliouweka juu ya orodha:

Ziwa halina habari, halikumbuki majina,
Nami nisiye mahiri, nawaandika kwa kina,
Mwana, mke, na tajiri, mzee na msichana,
Wasemwe kwa kudhihiri, wasizikwe bila jina.

Wakati orodha inakaribia kwisha alikuja mama mmoja wa Muleba. Mwanawe Kashaija, kijana wa miaka ishirini na sita, alipanda meli Bukoba na hakuonekana tena. Aliomba jina liandikwe ili wakaanue matanga. Okwach alihitaji shahidi wa pili. Aliyepatikana alikuwa Mayala, muuza kahawa wa kwenye kivuko, naye alisema kitu kingine kabisa.

"Kashaija yupi? Huyu wa kwenye picha? Huyu nimemwuzia kahawa Jumamosi, Sengerema. Hakunywa hata kwa haraka."

Okwach hakumwambia mama yule neno. Siku iliyofuata tulivuka, mimi na yeye, kwa kuwa alitaka mtu wa kuzungumza Kihaya kama ingebidi. Tulimkuta kijana anapaka rangi mlango wa duka la mwanamke mmoja, akipiga mluzi.

Nilimsalimia kwa Kihaya. Brashi ikasimama.

Alieleza bila kuzungushazunguka. Nyumbani walikuwa wamemposea msichana asiyemtaka. Meli iliposimama Kemondo alishuka, akaamua kuja huku kwa njia ya barabara. Aliposikia meli imezama akaona mambo yamejipanga yenyewe.

"Mama atalia, kisha atanyamaza," alisema. "Na yule binti ataolewa na mwingine. Nani ameumia?"

"Mama hanyamazi," Okwach alimwambia. "Anaacha tu kulia mbele za watu."

"Umejuaje wewe, mzee?"

"Rudi nyumbani, kijana."

"Wewe si ndiye yule Abiria wa gazetini? Nakusoma. Sasa Abiria ni jina la mtu? Mimi nimejificha wiki tano, umevuka maji kuja kunisema. Wewe umejificha miaka mingapi?"

Alisema vile kwa jeuri ya ujana tu. Hakujua chochote. Lakini nilimwona mume wangu akishika ule mlango wenye rangi mbichi, na alipoondoa mkono ulikuwa wa bluu.

Kivukoni alijaribu kuifuta ile rangi kwa leso mpaka tukafika katikati. Kisha akasema, "Kijana kaniweza."

"Wewe ulikuwa unawalinda watu wako."

"Miaka ya mwanzo, ndiyo. Tangu tisini na mbili kule wameruhusu vyama, wenzangu wengine wamerudi makwao wamepokelewa kwa ngoma. Miaka hii minne nimenyamaza kwa ajili yangu mwenyewe. Naogopa uso wa mama."

Naliandika hilo kwa sababu yeye mwenyewe alilisema, na sitaki mtu mwingine aje kulivumbua kama siri. Alikuwa na kosa lake. Aliogopa kwamba mama aliyemlilia miaka kumi akijua mwanawe alikuwa hai anakula sato Mwanza, atafunga mlango na hataufungua tena. Angeweza kuendelea kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtafuta.

Ijumaa hiyo orodha ilitoka, kurasa tatu nzima. Chini yake pameandikwa: Majina haya yamekusanywa na Okwach Ogweno, mwana wa Anyango.

Antoni alipoiona prufu alipiga meza. "Huyu Okwach ni nani tena?"

"Ni mimi."

"Miaka mitatu nakuita Abiria, kumbe una jina la mtu!"

"Lilikuwa limezikwa," Okwach akamjibu, na Antoni akadhani ni ushairi.

Kashaija, kwa taarifa ya wanaouliza, alirudi Muleba kabla ya mwezi kwisha.

Otuoma alifunguliwa kiapo, akapewa nakala, akaenda nayo. Majibu yalichukua wiki tatu. Mama Anyango hakujua kusoma. Alisomewa, akasema, "Mtoto wangu nimemzika." Akaingia ndani. Kesho yake akamwita Otuoma. "Wewe umeshasema. Nataka na mwingine, asiyekula kwangu." Nilipoambiwa hilo nilielewa kwamba ile kanuni ya mashahidi wawili, ambayo Okwach alidhani ameigundua mwenyewe, alizaliwa nayo. Ikabidi Padri wa parokia yetu aandike barua na kuipiga muhuri.

Wazee wa ukoo wakakutana. Waliamua kwamba mtu aliyekwisha kuzikwa haingii tena kwa lango la mama yake akiwa anatembea, kwa sababu ataingiza tena kifo kilichokwisha kuzikwa mle ndani. Okwach alilipokea. Hakuwatukana wazee wala desturi, na mimi niliyesoma sikumruhusu mtu yeyote mezani kwangu awacheke.

"Basi nitakwenda mimi," Mama Anyango akasema. "Miguu yangu haijazikwa."

Alifika Agosti, mchana, na Otuoma amembebea mfuko. Alikuwa mrefu, mkavu, amejifunga kitambaa kichwani. Hakuingia. Alikaa kwenye ngazi ya baraza akautazama mlango. Nilipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye uliyeolewa na tunda."

Sikujua nicheke au nilie. "Ndiyo, mama."

"Linakula vizuri?"

"Linakula sana, mama."

"Ndilo lenyewe," akasema, akasimama.

Okwach alikuwa amesimama chumbani, mikono imelegea kama mtoto wa shule. Mama aliingia, akafunga mlango. Ilikuwa saa nane. Mlango ulifunguliwa saa kumi na mbili kasoro robo. Mimi nilikuwa uani, chini ya dirisha, nachambua maharage. Nilikuwa nimekwisha kujifunza Kijaluo cha kutosha. Maharage yale niliyachambua mara tatu.

Alipotoka aliomba maji ya uso, akala, akalala na binti yetu Angela kitanda kimoja. Kesho yake asubuhi akaomba wembe mpya na beseni. Kwao, mtu anapofiwa hunyolewa kichwa. Yeye alikuwa amenyolewa mwaka ule wa kaburi, na tangu hapo, aliniambia, hakuwa amekubali mtu amwambie kwamba msiba umekwisha, kwa sababu moyo wake haukuliamini lile tunda. Sasa aliumaliza mwenyewe. Alimkalisha mwanawe barazani, akamnyoa taratibu, machozi yakimdondokea kisogoni. Alipomaliza alikaa yeye, akanipa mimi wembe. Nilimnyoa mama mkwe wangu. Nywele za wote wawili zilikuwa beseni moja, nyeusi na nyeupe, na Otuoma alizipeleka ziwani.

Mama Chenge, jirani yetu, aliona sehemu ya kwanza juu ya uzio. Hakukaa aone nilipoushika wembe mimi. Alikwenda sokoni na nusu aliyoiona, na hiyo nusu ndiyo mnayoisikia mpaka leo. Simlaumu kwa kuona. Namlaumu kwa kutouliza, na mlango wangu uko hatua kumi kutoka kwake.

Mama Anyango alikaa wiki mbili. Alirudi mara tatu katika miaka iliyofuata, kila mara na samaki waliokaushwa. Okwach aliandika miaka hiyo kuliko yote iliyotangulia, kila shairi kwa jina lake. Lango la nyumbani kwao hakulivuka.

Alifariki Januari mwaka huu, 1999, kwa shinikizo la damu. Daktari alikuwa amemwonya tangu mwaka juzi, na vyeti vya hospitali ninavyo. Wazee wa ukoo walituma watu watatu kuuomba mwili, wakisema sasa anaweza kuingia kwa kuwa hatembei. Nilikuwa tayari kukubali, kwa heshima yao. Aliyekataa ni mama yake. Alisimama mbele ya wanaume wale na kichwa chake cheupe.

"Kule nimeshamzika. Nililia nikamaliza. Sitamzika mara ya pili kwenye shimo lile lile. Hapa alikuwa mzima, hapa azikwe."

Yuko Igoma, walikozikwa wale wa meli ambao ziwa liliwarudisha. Jiwe lina jina lake kamili, na jina la mama yake.

Wapo waliokuja nyumbani, wakiwemo watu wenye elimu zao, kuniuliza mama na mwana walisemezana nini kwa zile saa karibu nne. Kama alimsamehe. Kama alimpiga. Kama kweli Okwach alilia mpaka majirani wakasikia. Nilikuwa chini ya dirisha na nilisikia kila neno, tangu la kwanza hadi la mwisho. Angela ameniuliza na sikumwambia. Antoni alitaka ukurasa mzima, nikamrudishia kalamu yake.

Sitasema.